DD 214 ya baba mdogo imeacha nishani za Iraq, zinaingizwaje?

NeemaMinnesota

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba mwongozo kwa wanaojua makaratasi ya jeshi la Marekani.

Baba mdogo alijiunga na US Army Aprili 2002 kwa mkataba wa miaka mitatu, akatoka Aprili 2005 kwa heshima zote. Fani yake ilikuwa 88M, dereva wa malori. Iraq alikaa kuanzia Januari 2004 hadi Januari 2005. Sasa yuko Moshi.

Kisanduku cha 13 cha DD 214 yake (hati ya kuachishwa jeshi) kina vitu vinne tu: National Defense Service Medal, Global War on Terrorism Expeditionary Medal, Global War on Terrorism Service Medal na Army Service Ribbon. Hazimo Army Commendation Medal (cheti anacho), Good Conduct Medal, Iraq Campaign Medal wala Combat Action Badge. Hiyo beji anaidai kwa sababu Agosti 2004 msafara wao ulipigwa bomu la kando ya barabara, na lori lake lilikuwa la pili. Karatasi ya tukio hana hata moja.

Ameshaandika barua moja ya kueleza yote manne, akajibiwa kwa mistari mitatu kwamba ushahidi hautoshi. Kuna wakala anataka dola 600 amshughulikie. Maswali yangu: aanzie wapi, je ukomo wa kisheria wa miaka mitatu wa kuomba marekebisho haujamfungia mlango, na mimi niliyeko huku naweza kumfanyia?

Karani_wa_Zamani

Dada Neema, hizo dola 600 zibaki mfukoni. Hakuna hatua hata moja hapa inayolipiwa, na vyama vya wastaafu wa jeshi kama American Legion, VFW na DAV vina maofisa wa kumjazia mstaafu bure.

Barua moja iliyochanganya madai manne ndiyo iliyomwangusha. Kila nishani hapo imekosekana kwa sababu yake, kwa hiyo inathibitishwa kwa karatasi yake. Bahasha inaweza kuwa moja, ila kila dai liwe na aya yake, kiambatisho chenye namba, na kanuni inayolihusu. Kwa Army, kanuni ya nishani ni AR 600-8-22, na ya DD 214 yenyewe ni AR 635-8.

Kwanza angalia tarehe aliyotoka. Combat Action Badge iliidhinishwa tarehe 2 Mei 2005, ikarudishwa nyuma kufunika matukio ya tangu 18 Septemba 2001. Iraq Campaign Medal ilianzishwa kwa amri ya rais ya Novemba 2004, na utaratibu wa kuigawa ukafika vikosini mwaka 2005. Karani aliyechapa DD 214 ya Aprili 2005 asingeweza kuandika beji ambayo haikuwepo. Hizo mbili, basi, msiziite uzembe wa mtu kwenye barua. Elezeni tu kwamba zimekuja baada ya fomu kufungwa. Msomaji wa Fort Knox, iliko ofisi ya Army inayoshughulikia marekebisho haya, anaielewa sentensi hiyo mara moja.

Iraq Campaign Medal ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini ina mtego. Haitolewi pamoja na ile Global War on Terrorism Expeditionary Medal kwa utumishi ule ule. Waliopewa Expeditionary kwa ajili ya Iraq kati ya 19 Machi 2003 na 30 Aprili 2005 wanaruhusiwa kuibadilisha, na ni lazima mwenyewe aombe. Kwa hiyo ombi liseme mambo mawili kwa pamoja: futa Expeditionary, weka Iraq Campaign Medal. Mkiomba kuongeza bila kufuta, mtarudishiwa. Ile Global War on Terrorism Service Medal ni kitu kingine, inabaki.

Halafu ombeni na nyota zake. Vita vya Iraq viligawanywa katika awamu saba, na kila awamu aliyoigusa askari ni nyota moja ndogo ya shaba kwenye utepe. Mzee ameigusa awamu ya Transition of Iraq, iliyoisha 28 Juni 2004, na Iraqi Governance, 29 Juni 2004 hadi 15 Desemba 2005. Mstari wa kuomba ni huu, neno kwa neno: Iraq Campaign Medal with two bronze service stars. Usipoutaja mtawekewa nishani tupu, kisha mnaanza safari ya pili.

Uthibitisho wa kuwepo Iraq uko kisanduku cha 18 cha fomu hiyo hiyo. Tafuta maneno SERVICE IN IRAQ yakifuatwa na tarehe mbili za tarakimu nane, mwaka kwanza, mfano 20040115-20050112. Zikiwepo, hamhitaji kingine. Zisipokuwepo, tumieni hati za mshahara za miezi ile: zinaonyesha posho ya dola 225 kwa mwezi ya eneo la hatari pamoja na msamaha wa kodi wa eneo la vita. Nishani yenyewe inataka siku 30 mfululizo au 60 za vipande vipande.

Tukija kwenye Army Commendation Medal, cheti peke yake ni ushahidi nusu. Kinachoiingiza nishani kwenye DD 214 ni amri ya kudumu iliyoitoa. Chukua cheti, juu au chini pembeni kuna namba ya fomu. Ya Commendation ni DA 4980-14 (4980-18 ni Achievement Medal, watu huzichanganya). Karibu na sahihi ya kamanda kuna namba ya amri yenye sehemu mbili, mfano 342-07. Sehemu ya kwanza ni siku ya mwaka, ya pili ni amri ya ngapi siku hiyo. Mwaka 2004 ulikuwa mrefu, kwa hiyo siku ya 342 ni 7 Desemba. Namba ikikubaliana na tarehe ya amri, cheti kina uzito. Zikipishana kwa miezi, mkaguzi atasimama hapo hapo. Angalia na cheo cha aliyetia sahihi: Commendation kwa kawaida huidhinishwa na kanali kamili, Achievement na luteni kanali.

Kilicho bora kuliko cheti ni fomu DA 638, ile ya pendekezo. Sehemu yake ya mwisho ndiyo amri yenyewe, na mara nyingi imelala ndani ya faili bila yeyote kuihamishia kwenye DD 214. Ndiyo maana nasema faili kwanza, barua baadaye.

Good Conduct Medal nayo haiji yenyewe kwa kutimiza miaka. Kamanda ndiye huidhinisha na amri hutolewa. Vikosi vilivyotoka Iraq na kutawanyika vilisahau nyingi sana. Angalia kisanduku cha 12c, muda wa utumishi: kikisoma miaka 3 kamili au zaidi, sawa. Kikipungua siku kadhaa bado hajakosa, maana kwa nishani ya kwanza anayemaliza utumishi akiwa na zaidi ya mwaka mmoja anaweza kufikiriwa. Kisha angalia kisanduku cha 29, siku zilizopotea. Kikiwa tupu, na faili halina adhabu wala barua ya kamanda ya kumnyima, hoja imesimama.

Beji namwachia Msafara_88, anaijua kuliko mimi.

Mzalendo_TX

Mnazunguka mbuyu bure. Jaza fomu DD 149, peleka moja kwa moja Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu, imalize yote manne kwa mpigo.

Karani_wa_Zamani

Mkuu, Bodi ya Army ina kanuni yake, AR 15-185, na inataka mwombaji awe amemaliza njia za kawaida kwanza. Ombi likifika kabla ya hapo linarudishwa bila kusikilizwa. Na hata likipokelewa, foleni yake si ya wiki: sheria inaitaka imalize maombi 90 kati ya 100 ndani ya miezi 10, na lisiwepo linalopita miezi 18. Iraq Campaign Medal inatengenezwa na karani aliye mbele ya kompyuta. Kwa nini uisubirishe mwaka?

Mpangilio ni huu. Faili kamili kwanza. Halafu barua yenye viambatisho kwa Army Human Resources Command, Fort Knox, Kentucky, kwa kuwa ametoka baada ya Oktoba 2002 na faili lake ni la kielektroniki chini yao. Wakikubali, wanatoa fomu DD 215. Wakikataa sehemu, hiyo sehemu tu ndiyo inapanda Bodi kwa DD 149, na barua ya kukataliwa inakuwa kiambatisho cha kwanza.

Jambo moja kuhusu DD 215: ni karatasi ya marekebisho inayobanwa na DD 214 ya zamani, DD 214 mpya haichapwi kirahisi. Kanuni inaruhusu kuchapa upya pale DD 215 mbili zimeshatoka na marekebisho ya tatu yanahitajika, au mamlaka ya juu ikiamuru. Kwa hiyo kabla ya kutuma, someni fomu nzima mara mbili: tahajia ya jina, tarehe, kozi za kisanduku cha 14, utumishi wa nje kisanduku cha 12f. Mengine yakirekebishwa humo humo mmeokoa safari.

Na kwa jina la Mungu asije mtu akaongeza mstari kwa kalamu au kompyuta. Kughushi hati ya kuachishwa jeshi ni kosa la shirikisho.

Msafara_88

Dada Neema, kuhusu Combat Action Badge.

Kwanza fani. Beji hii ni kwa ambao hawako katika njia ya Combat Infantryman Badge (ya askari wa miguu) wala Combat Medical Badge (ya watu wa tiba). Dereva 88M anaingia bila ubishi. Pili tukio: kanuni inataka awe alikuwepo mwenyewe, akimshambulia adui au akishambuliwa, mahali ambapo kifo au jeraha lilikuwa jambo la kutarajiwa. Bomu la barabarani dhidi ya msafara ni mfano wa wazi, ila mkaguzi atauliza lori lake lilikuwa umbali gani na mlipuko. "Msafara wetu ulipigwa" haitoshi. Aandike: tarehe, saa kwa makadirio, barabara na mji wa karibu, malori mangapi, lake la ngapi, mlipuko ulitokea upande gani na mita ngapi, nani alikuwa kiti cha pembeni, nani alijeruhiwa, walifanya nini baada ya hapo. Ukurasa mmoja, na asiongeze chumvi.

Maelezo yake peke yake hayatoshi, hata yawe mazuri vipi. Yanahitaji kuegemea kitu kilichoandikwa wakati ule au mtu aliyekuwepo. Mashahidi wawili wa macho ni kiwango kizuri cha kulenga. Fomu ya Army ya maelezo ya kiapo ni DA 2823. Kila shahidi aandike kwa maneno yake na aambatishe DD 214 yake inayoonyesha kikosi na miezi. Kosa linaloua mashahidi ni kunakiliana: wakaguzi wakiona aya moja imezunguka kwa watu watatu, wanazitupa zote tatu. Wakitofautiana kidogo kuhusu saa au idadi ya malori, hiyo haina shida.

Sasa karatasi ambayo karibu kila mtu anaisahau. Askari waliorudi kutoka Iraq walijazishwa fomu ya afya DD 2796 wakati wa kutoka. Kwenye toleo la miaka ile kuna maswali kama uliona watu waliouawa au kujeruhiwa, kama ulihusika katika mapigano na kufyatua silaha, kama wakati wowote ulihisi uko hatarini kuuawa. Majibu yake ni ya mwanzoni mwa 2005, kabla beji haijazaliwa. Hakuna atakayesema aliyatunga kwa ajili ya beji. Fomu hiyo ikisema ndiyo, na tarehe za kukaa Iraq zikiifunika Agosti 2004, maelezo ya mzee yamepata mgongo.

Lakini msiitafute kwenye faili la utumishi. Mafaili ya matibabu ya Army ya waliotoka kati ya 16 Oktoba 1992 na mwisho wa 2013 yalihamishiwa VA, idara ya serikali ya wastaafu wa jeshi. Ombeni kule kwa fomu VA 20-10206, na mtaje kwa jina: service treatment records, pamoja na DD 2796. Ukiomba "medical records" kwa ujumla unaweza kuletewa za kliniki ya baada ya jeshi.

Kama siku ile masikio yalipiga kengele au alipoteza fahamu hata kidogo, tafuteni pia alama yoyote ya kutibiwa. Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, inataka vitu vitatu kwa pamoja: jeraha litokane na adui, litibiwe na mtaalamu wa tiba, na matibabu hayo yawe yameandikwa rasmi. Mwaka 2011 jeshi lilifafanua kwamba mtikisiko wa ubongo unaweza kuhesabika, hadi matukio ya tangu 11 Septemba 2001. Bila maandishi ya tiba, msiipoteze nguvu huko.

Mzalendo_TX

Si kuna ukomo wa miaka miwili wa kupendekeza nishani? Hiyo beji si imeshapitwa?

Msafara_88

Ukomo wa miaka miwili unahusu mapendekezo ya nishani za sifa na ushujaa: Commendation, Bronze Star na kuendelea. Combat Action Badge ni beji, na maombi ya matukio ya zamani yanapokelewa Fort Knox. Hata kwa nishani, kama pendekezo halikuwahi kuandikwa, kuna njia ya mbunge: kifungu cha 1130 cha Title 10 (sehemu ya sheria za Marekani inayohusu jeshi) kinaruhusu pendekezo lililochelewa kupitishwa na seneta au mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Hapo mwenyewe hawezi kujipendekeza. Anahitajika aliyekuwa kiongozi wake, au mtu aliyeona kwa macho, ajaze DA 638. Ya mzee ilishatolewa, cheti kipo, kwa hiyo njia hii haimhusu.

NeemaMinnesota

Asanteni sana. Nimekagua cheti kwenye picha aliyonitumia: ni 4980-14, namba inaanza na 349, tarehe ni 14 Desemba 2004, sahihi ya kanali. Naona inakubaliana.

Vikwazo vilivyobaki: (1) ni zaidi ya miaka mitatu, (2) jeshini jina lake liliandikwa bila jina la babu, paspoti ya sasa ina majina matatu, (3) kiapo atakifanyia wapi huko Moshi?

Karani_wa_Zamani

Siku ya 349 ya mwaka mrefu ni 14 Desemba. Safi kabisa.

Miaka mitatu: hiyo ni ya DD 149 pekee, haihusu barua ya Fort Knox. Na inahesabiwa tangu siku alipogundua kosa. Ikiwa imepita, Bodi ina ruhusa ya kuisamehe kwa maslahi ya haki, na kwenye fomu kuna sehemu ya kueleza sababu. Msiiache tupu. Kwa mzee andikeni ukweli wenyewe: beji na nishani ya kampeni zilianza kutolewa wakati anatoka au baada ya hapo, na hakuna aliyemjulisha.

Kama mtafika Bodi, jueni inavyofikiri. Inaanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wa mwombaji. Wao si wapelelezi, hawatamtafuta shahidi wala kufungua faili la kikosi kwa niaba yenu. Wanaamua kwa kilichomo ndani ya bahasha. Wakikataa, ombi linaweza kurudi endapo lina ushahidi ambao hawakuwahi kuuona. Barua ya kulalamika tu haifungui kitu.

Jina: fomu zote ziandikwe jina la jeshini, herufi kwa herufi. Chini yake ongezeni jina la sasa, na nakala ya hati inayoyaunganisha, mfano cheti cha uraia au amri ya mahakama ya kubadili jina. Watu wetu hukwama hapa mno, kwa sababu kompyuta ya Marekani hulichukua jina la babu kuwa la ukoo na lile la baba kuwa la katikati. Hati yoyote ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la mfasiri na sahihi yake.

Kiapo: kwa aliye nje ya Marekani, kifungu cha 1746 cha Title 28 kinakubali tamko lisilo la mbele ya ofisa, mradi liseme limetolewa chini ya adhabu ya kusema uongo kwa mujibu wa sheria za Marekani, liwe na tarehe na sahihi. Maneno hayo "za Marekani" yasikosekane kwa aliyeko Moshi. Ubalozini watagonga muhuri, lakini ni dola 50 kwa kila muhuri, na safari ya Dar juu yake.

Wewe unaweza kujaza, kupanga na kutuma. Sahihi na tarehe ziwe zake, za wino. Ukiomba faili kwa jina lako bila idhini yake ya maandishi hupati, kwa kuwa bado yu hai.

Kwa faili, akiweza kuingia milConnect, tovuti ya jeshi ya kumbukumbu, sehemu ya DPRIS inamletea hati zake moja moja kwa PDF. Asipoweza, SF 180, fomu ya kuomba kumbukumbu za jeshi, ya karatasi bado inapokelewa. Hapo msiweke alama kwenye DD 214 peke yake: andikeni kwamba mnataka faili zima la utumishi, zikiwemo DA 638 na amri zote za nishani. Na DD 214 iwe ile isiyofutwa sehemu, yenye aina ya kuachishwa na sababu. Nakala fupi huwa hazikubaliki kwenye ofisi nyingi.

Mama_Jirani_KE

Naomba nidandie hapo. Marehemu mume wa shangazi yangu alikuwa Army, Vietnam Machi 1968 hadi Machi 1969. DD 214 ina Vietnam Service Medal bila nyota wala tuzo za kikosi. Shangazi yuko Nakuru. Naye anaweza? Au ule moto wa St. Louis umeshamaliza kila kitu?

Karani_wa_Zamani

Moto wa 12 Julai 1973 uliunguza hasa mafaili ya Army ya waliotoka kati ya Novemba 1912 na 1 Januari 1960, karibu 80 kwa 100. Wa 1969 hawamo. Faili lake lipo National Personnel Records Center, St. Louis.

Mjane ambaye hajaolewa tena ana haki ya kuomba. Aambatishe cheti cha kifo na cha ndoa. Na kwa kuwa huyu alitoka zaidi ya miaka 50 iliyopita, kumbukeni kwamba faili likifikisha miaka 62 tangu kuachishwa linakuwa la umma, yeyote analiagiza kwa ada. Kwa sasa mjane halipi kitu.

Nyota: Machi hadi Machi amegusa kampeni tano. Tet Counteroffensive iliyoisha 1 Aprili 1968, kisha Counteroffensive Phase IV, Phase V, Phase VI, na Tet 69 iliyoanza 23 Februari 1969. Nyota tano za shaba hubadilishwa kuwa moja ya fedha, kwa hiyo ombeni Vietnam Service Medal with one silver service star. Angalieni tu tarehe halisi: akiwa aliingia baada ya 1 Aprili au aliondoka kabla ya 23 Februari, zinakuwa nne za shaba. Na ndugu wasije wakadhani ni ile nishani ya ushujaa iitwayo Silver Star. Nimeona matangazo ya msiba yenye kosa hilo.

Tuzo za kikosi zimeorodheshwa katika DA Pamphlet 672-3 kwa jina la kikosi na tarehe. Ya uhakika ni Republic of Vietnam Gallantry Cross with Palm Unit Citation, ambayo Department of the Army General Orders namba 8 ya 1974 iliwapa vikosi vyote vilivyokuwa chini ya US Army Vietnam. Taja namba ya amri hiyo kwenye barua, karani asihitaji kutafuta.

Msafara_88

Nyongeza kwa Neema kabla hamjafunga bahasha. DD 215 ikifika, nakala moja iende VA mara moja na maombi yoyote yaliyo wazi. Beji ya mapigano au Purple Heart hubadilisha namna maelezo ya askari yanavyopokelewa: kifungu cha 1154(b) cha Title 38 kinaruhusu ushuhuda wake mwenyewe kukubalika kuhusu kilichotokea vitani, ukiendana na mazingira ya utumishi wake. Na kwa kuwa yuko Moshi, ulemavu ukishatambuliwa na VA kuwa umetokana na utumishi, matibabu yake nje ya Marekani hugharimiwa kupitia Foreign Medical Program.

Nishani zenyewe za chuma huombwa kando, baada ya DD 215, wala si pamoja nayo. Ombi likienda mapema wanatuma kilichomo kwenye fomu ya zamani. Na mpaka hapo mzee asijaze mahali popote, iwe kwenye ombi la kazi au la mafao, kwamba anayo Combat Action Badge. Iko kwenye orodha ya sheria ya 2013 inayoadhibu wanaodai nishani kwa uongo ili wapate manufaa, na karatasi yake bado haisemi kwamba anayo.

NeemaMinnesota

Nimeelewa. Naanza na SF 180 na 20-10206 wiki hii, mashahidi baba mdogo anawatafuta mwenyewe kupitia kundi la kikosi chake. Barua ya Fort Knox tutaiandika faili likishafika.

Karani_wa_Zamani

Vizuri. Tuma kwa posta yenye namba ya kufuatilia, peleka nakala tu, halisi zibaki Moshi. Na juu ya kila ukurasa andika jina la jeshini na tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, maana kurasa zikiskaniwa hutengana.